Simu Ni Yako, Swichi Ni Yao

Ukishuka matatu ya namba 46 mwisho wa Kawangware na kukata kuelekea Gatina, utampita wakala wa simu za mkopo chini ya mwavuli wake kabla hujamfikia mama mboga wa kwanza. Biashara yake haina mlolongo. Kitambulisho, picha ya uso, namba ya M-Pesa, dipoziti, na kijana aliyekuja na katululu ya vibonye anaondoka na simu ya kupangusa. Kuanzia kesho yake atalipa kidogo kidogo kila siku, kwa miezi tisa, mwaka, au zaidi. Siku asipolipa, simu inajifunga. Hakuna atakayekuja kubisha mlango.

Mtaani kila mtu ana lake la kusema juu ya kufuli hilo. Wako wanaouita mpango mzima unyang'anyi uliovaa tabasamu. Wako wanaojibu kwamba mtu wa kibarua asingeshika simu ya maana maishani mwake kama si kulipa mdogo mdogo. Wako pia, na hawa ni wengi kuliko tunavyodhani, wanaosema heri simu ifungwe kimya kuliko deni litangazwe kwa majirani. Nadhani maoni haya yana akili kuliko mjadala wetu wa magazetini, ambao umekwama kwenye riba. Riba nitaifikia. Lakini mtu wa Gatina hashtushwi sana na bei. Amezoea kulipa zaidi kwa sababu hununua kidogo. Kinachomkera ni kujua kwamba kitu kilicho mfukoni mwake kina mtu mwingine anayeshika swichi, na kwamba mtu huyo haongeleshwi.

Uchumi wa kadogo haukuletwa na kampuni yoyote. Mafuta ya kupikia hupimwa kwenye chupa ya soda, sukari kwenye karatasi, sabuni hukatwa vipande. Makampuni yalipoona hivyo yakafuata: bando ya shilingi 20, tokeni za stima za shilingi 50, mtungi wa gesi wenye mita unaokuuzia moto wa kupika chai tu. Kimahesabu huo ni ughali mtupu, na kila mwanauchumi anaweza kukuonyesha kwamba anayenunua robo lita kila siku hulipa zaidi ya anayenunua debe. Sawa. Ila robo lita ikishaingia kwenye chupa yako ni yako. Mwenye duka hawezi kurudi kesho yake kuigandisha kwa sababu hukufika dukani.

Mkopo wa simu umeugeuza mpango huo. Kitu kinakuja kizima siku ya kwanza, malipo ndiyo yanayopimwa, na umiliki unaning'inia katikati hadi siku ya mwisho.

Inafaa tukumbuke kwamba watu wa mitaa hii si wageni kwenye teknolojia ya pesa, wala hawakuipokea kama walivyopewa. M-Pesa ilipojaribiwa kuanzia Oktoba 2005, Thika na Nairobi, pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, ilikusudiwa kulipia mikopo. Wateja wakaitumia kutumiana pesa wao kwa wao, na hata kujitumia wenyewe kabla ya safari ili wasitembee na noti. Ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, tangazo lake lilikuwa la kutuma pesa nyumbani. Waanzilishi walikuwa na busara ya kufuata alikoelekea mteja.

Mtafiti Olga Morawczynski alizifuatilia pesa hizo katika ncha mbili, Kibera na Bukura kule magharibi, na alichokusanya kilikuwa hasa maoni ya kawaida ya watu. Wake walioachwa mashambani walifurahia kupata pesa haraka, kisha wakalalamika kwamba waume sasa hawaji nyumbani. Zamani mtu alilazimika kupanda basi ili alete matumizi, sasa anabonyeza tu, na nani anajua anakaa na nani huko mjini. Wanawake wengine waligundua kwamba pesa iliyo kwenye simu haionekani na mume. Vurugu za uchaguzi zilipozuka mwishoni mwa Desemba 2007 na Kibera ikawa haipitiki, kredo na pesa ziliwafikia watu kwa njia hiyo. Hakuna hata moja kati ya matokeo hayo lililopangwa na mhandisi. Mama wa Bukura aliyesema simu itamharibia ndoa alikuwa akitoa uchambuzi kamili wa teknolojia, na alikuwa na data ya kutosha: idadi ya mara mumewe aliporudi.

Baadaye upepo uligeuka. Mikopo ilianza kutolewa kwa simu: M-Shwari ilikuja Novemba 2012, Fuliza Januari 2019, Hustler Fund Novemba 2022. Simu imerudi kwenye kazi iliyokusudiwa Thika, ya kulipia mikopo, isipokuwa safari hii simu yenyewe ndiyo mkopo.

Swichi nayo ina historia. Mwaka huohuo wa 2012 M-Kopa ilianza kuuza taa za sola kwa malipo ya kila siku, sanduku likiwa na laini ya simu ndani yake. Malipo yakikatika, mwanga unakatika. Na usiku wa manane wa Septemba 30, 2012, kwa amri ya Tume ya Mawasiliano, simu bandia zilizimwa nchi nzima, zaidi ya milioni moja. Sababu zilitolewa, na baadhi zilikuwa za haki. Lakini usiku ule Mkenya wa kawaida alifunzwa jambo ambalo hakuwa amelifikiria: simu aliyoinunua kwa pesa zake, akailipa yote, inaweza kufa akiwa amelala, kwa uamuzi wa mtu asiyemjua. Walioumia walikuwa wa Kawangware, si wa Lavington, ng'ambo ya barabara tu, ambako simu zilinunuliwa na risiti.

Julai 2020 Safaricom na Google walileta Lipa Mdogo Mdogo: shilingi 1,000 za kwanza, kisha shilingi 20 kwa siku kwa miezi tisa. Piga hesabu ya siku 270 na unapata kama shilingi 6,400 kwa simu ya 4G. Hiyo ilikuwa bei ya kistaarabu. Shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya korona na mzazi aliyekuwa na katululu alimwona mwanawe akibaki nyuma ya wenzake. Anayeubeza mpango ule leo amesahau mwaka ule ulivyokuwa. Kufuli lilikuwemo tangu mwanzo, limefumwa ndani ya mfumo wa simu, mahali ambapo mtu akifuta kila kitu na kuiwasha upya bado analikuta.

Tangu hapo wakopeshaji wameongezeka na hesabu zimenenepa. Tuseme simu inauzwa taslimu shilingi 12,000. Unaichukua kwa dipoziti ya 2,500 na shilingi 50 kila siku kwa mwaka. Hamsini ni pesa ya chapati mbili na chai, hakuna anayeiogopa. Lakini hamsini mara 365 ni 18,250, ongeza dipoziti, umefika 20,750. Wakopeshaji wana maelezo yao: kuna wanaotoroka, kuna kamisheni ya wakala, kuna simu zinazoibwa au kutumbukia kwenye mtaro, na mteja hakuweka dhamana. Hapo kwenye dhamana ndipo ninapokataa. Kufuli ndilo dhamana. Benki ikishika hati ya shamba, riba hushuka kwa sababu hatari imeshuka. Mkopeshaji wa simu anashika kitu ambacho mteja hawezi kufanya kazi bila hicho, anakishika saa ishirini na nne bila gharama ya kulinda ghala, halafu anatoza kana kwamba amemkopesha mpita njia gizani. Ama kufuli lina thamani, na bei ishuke, ama halina, na liondolewe.

Wateja wanafanya hesabu hii, wala tusidhani hawajui kuzidisha. Wanajua pia kwamba hawana mlango mwingine. Chama cha akina mama kinaweza kumnunulia kila mmoja simu kwa zamu, bila riba wala kufuli, na viko vyama vinavyofanya hivyo. Lakini zamu yako inaweza kuwa ya kumi na mbili, na simu inahitajika Jumatatu.

Kwa nini Jumatatu? Fikiria kazi za Gatina zilivyo. Mama fua aliyekuwa akikaa kando ya barabara akingoja gari la tajiri lisimame sasa hupigiwa. Asiyepatikana kwa simu huitiwa jirani yake. Mwendeshaji boda anayebeba abiria wa programu hana kazi kabisa bila skrini, na mara nyingi pikipiki yake nayo ni ya mkopo na ina kifaa cha kuifuatilia. Mwalimu hutuma kazi ya ziada kwenye grupu la WhatsApp la wazazi. Huduma za serikali zimehamia mtandaoni. Sasa mfungie mtu huyu simu kwa sababu jana mvua ilinyesha na hakupata kazi. Simu iliyofungwa humwachia namba za dharura na njia ya kulipa. Njia ya kulipa ipo wazi kabisa. Iliyozibwa ni njia ya kupata cha kulipia. Mkopeshaji wa kale aliyechukua cherehani ya fundi nguo alijua anamkata mkono, ndiyo sababu alisita. Programu haisiti.

Watu wa mitaa hii wanalifahamu kufuli kutoka mahali pengine. Mpangaji akichelewesha kodi, landilodi huweka kufuli lake juu ya la mpangaji, na kuna wanaong'oa mlango au mabati ya paa mtu akiwa ndani. Ni ukatili, na hakuna anayeusifu. Hata hivyo kuna keateka. Keateka anakaa kwenye ploti hiyohiyo, anajua mtoto wako amelazwa, anajua mumeo hulipwa tarehe tano, na anaweza kuambiwa: ndugu yangu, nipe hadi Ijumaa. Mara nyingine anakataa. Mara nyingi anakubali nusu. Kufuli la simu halina keateka. Lina namba ya huduma kwa wateja, na ili uipige unahitaji simu.

Kwa sababu hiyohiyo nimeacha kushangaa kwamba Kibera, baada ya Kenya Power kuweka mita za tokeni kwa mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, wapo waliorudi kwa kijana wa mtaa anayeunganisha nyaya. Umeme wake huua, huchoma nyumba, na haukosi kukatika. Lakini hutozwa kwa mwezi, na kijana anaweza kungojeshwa.

Sitaki hata hivyo kumfanya mwenye duka wa zamani kuwa malaika. Daftari la madeni lina upole wake, na lina ubaguzi wake. Aliyehamia Gatina mwezi uliopita kutoka Busia au Kitui hapewi deni; hajulikani. Anayezungumza lugha tofauti na ya mwenye duka hupimwa kwa jicho refu zaidi. Na deni la duka lina mdomo: binti anayetumwa unga huambiwa mbele ya foleni, mwambie mama alipe la Jumamosi kwanza. Wakala wa simu hakuulizi kwenu ni wapi. Anataka kitambulisho na dipoziti. Kwa mgeni wa mji, kwa mwanamke aliyemwacha mume na kuanza upya, kwa kijana ambaye baba yake aliharibu jina la familia kwenye maduka yote, mashine isiyomjua mtu ni ukombozi. Nikiwasikia wanaoitetea simu ya mkopo, ndilo jambo wanalolitetea, na wana haki.

Wanakumbuka pia programu za mikopo zilizotangulia, zile zilizochota majina yote kwenye simu ya mkopaji na kuwapigia mama mkwe, mwalimu na bosi kuwaambia fulani ni mwizi. Hapo teknolojia ilikuwa imechukua mdomo wa mwenye duka na kuacha upole wake. Kanuni za Benki Kuu za Machi 2022 kwa wakopeshaji wa kidijitali zilipiga marufuku vitisho na kuwasumbua watu walio kwenye orodha ya mawasiliano ya mdaiwa, na Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu wasiohusika kudai madeni. Ukilinganisha na hayo, kufuli ni kimya. Linamwaibisha mtu mbele ya skrini yake peke yake.

Kwa hiyo sipendekezi kufuli lipigwe marufuku. Likiondolewa kesho, miavuli itafungwa keshokutwa, na mgeni wa Gatina atarudi kwenye katululu. Ninachosema ni kwamba Kenya imewahi kufikiri kwa makini juu ya anayedai na kitu anachodai, na mawazo hayo yapo kwenye vitabu vya sheria, yanakusanya vumbi.

Sheria ya kodi za nyumba, kwa nyumba za kodi ya chini, ilimnyima landilodi ruhusa ya kumfukuza mpangaji kwa mkono wake mwenyewe. Aende kwanza kwenye baraza linaloamua kesi za kodi. Kwamba haifuatwi Kawangware ni aibu ya utekelezaji, lakini kanuni ipo. Inayonivutia zaidi ni Sheria ya Ununuzi kwa Awamu ya 1968. Iliandikwa zama za makochi, redio na cherehani za mkopo, mnunuzi alipokuwa akilipa miezi ishirini kisha gari la kampuni linakuja kubeba kochi kwa sababu ya mwezi wa ishirini na moja. Bunge likasema: akishalipa theluthi mbili ya bei, huwezi kukichukua kitu bila kwenda mahakamani. Theluthi mbili. Watunga sheria wale walielewa kwamba malipo yakifika mahali fulani, umiliki umeshahamia upande wa mnunuzi hata kama karatasi haijasema hivyo.

Leo mtu aliyelipa siku 340 kati ya 365 anafungiwa simu sawasawa na aliyelipa siku 3. Sidai kwamba kila mkataba wa simu unaangukia ndani ya sheria ile. Mikataba mingi imeandikwa na mawakili wanaojua kuikwepa. Nadai kwamba kufuli limeifanya isiwe na maana. Sheria inakataza kuchukua kitu. Kufuli halichukui chochote. Simu inabaki mkononi mwako, nzito, nzima, na bure kama kigae. Waandishi wa 1968 hawangeweza kuliwazia hilo, sisi tunaliona kila siku na bado hatujaliandika.

Mahali pa kuliandika papo. Marekebisho ya sheria yaliyotiwa saini Desemba 2024 yalipanua mamlaka ya Benki Kuu juu ya wakopeshaji wasiopokea amana, na kwenye kanuni za utekelezaji ndiko mambo haya huamuliwa. Ningeanza na bei nzima: jumla ya shilingi, siku ya kwanza hadi ya mwisho, iandikwe kwa wino mkubwa kuliko ile hamsini ya kila siku. Ningeweka siku za huruma ambazo mteja anajichagulia, tuseme tano kwa mwezi, kwa kuwa mvua hainyeshi kwa ratiba ya programu. Kufuli lisizime kupokea simu wala M-Pesa kwa hali yoyote. Lizime video na michezo kama ni lazima liume mahali. Na baada ya theluthi mbili, likome. Atakayekuwa hajalipa salio ashtakiwe kwenye Mahakama ya Madai Madogo, ambayo iliundwa kwa madeni ya namna hii hasa. Wakopeshaji watasema hakuna anayeenda mahakamani kwa shilingi elfu tano. Ndiyo maana yake: deni lisilostahili safari ya mahakamani halistahili kumzuia mtu asiende kazini.

Kanuni zikichelewa, soko halitangoja. Mafundi wa mtaani wamejifunza kuyavunja baadhi ya makufuli kwa ada, kazi ambayo nusu yake ni uhuni na nusu ni huduma, na makampuni hujibu kwa kufuli jipya, na fundi naye hupandisha bei. Anayenunua simu ya mkono wa pili siku hizi haangalii kwanza kamera wala chaji. Huuliza kama deni limeisha, na jibu la mdomo halimtoshi. Hutaka muuzaji aingize laini, aifute simu yote, aiwashe upya mbele yake, wakae wote wawili dakika kadhaa waone kama nembo ya mkopeshaji itatokea kwenye skrini. Ikitokea, bei inakatwa nusu, na hapo fundi anaitwa.